Juni Ikishapita

Kila ifikapo Juni simu yangu hujaa rangi. Marafiki walioko London na Toronto hunitumia picha za maandamano ya Pride, siku ya mashoga na wasagaji kujivunia walivyo: bendera za upinde wa mvua, watoto wamebebwa mabegani, polisi wanacheza muziki na waandamanaji, benki imekodi lori zima na spika zake. Kampuni zenye ofisi huko na huku hubadilisha nembo kwenye kurasa zao za Ulaya, ilhali kurasa za Nairobi na Dubai hubaki na rangi zilezile za mwaka mzima. Siwalaumu sana. Mfanyabiashara hutweka tanga kwa kufuata upepo. Mwaka 2025 upepo ulipogeuka Marekani, waandalizi wa Pride ya New York na ya San Francisco walisema hadharani kuwa wafadhili kadhaa wamejitoa au wamepunguza mchango. Waliokuwa wakicheza juu ya lori mwaka uliotangulia wakawa hawapokei simu.

Mimi ni mtu wa Mtwapa, kaskazini kidogo ya Mombasa, nafanya kazi Nairobi, na mdogo wangu wa kiume ni shoga. Nayaandika haya kwa ruhusa yake na bila jina lake. Juni moja nilimtumia upinde wa mvua kwenye WhatsApp na moyo mwekundu pembeni. Akanijibu, "Ahsante dada. Sasa nitumie na kodi ya Agosti." Alikuwa akitania, lakini si sana.

Jibu hilo limenikaa. Tangu siku ile nikiulizwa Pride ni nini, na kumuunga mkono mtu ni kufanya nini hasa, mawazo yangu huenda Agosti, Februari, Novemba, miezi ambayo haina bendera wala keki za ofisini.

Juni yenyewe ilitokana na msako wa polisi, jambo ambalo waandaa keki husahau. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Juni 1969 polisi wa New York waliingia Stonewall Inn, baa iliyoko mtaa wa Christopher, Greenwich Village. Misako ya aina hiyo ilizoeleka. Taa zinawashwa, watu wanapangwa foleni, vitambulisho vinakaguliwa, aliyevaa nguo zinazosemekana si za jinsia yake anatolewa. Baa ilikuwa mikononi mwa mafia, haikuwa na leseni ya pombe, na nyuma ya kaunta hapakuwa na maji ya bomba ya kuoshea glasi. Kwa ufupi, palikuwa mahali pabovu, ila ndipo walipopata. Usiku ule waliotolewa nje hawakwenda zao. Walisimama barabarani, wakazomea, wakarusha sarafu na chupa, na vurugu zikaendelea kwa siku kadhaa. Mwaka uliofuata, tarehe ileile, maelfu walitembea kutoka Greenwich Village hadi Central Park kuikumbuka. Ndiyo Pride ya kwanza ya New York, na haikuwa na lori la benki hata moja.

Lakini kisa kinachonivuta zaidi ni cha kabla ya hapo. Kuanzia 1965 hadi 1969, kila tarehe 4 Julai, kikundi kidogo kilisimama na mabango mbele ya Independence Hall mjini Philadelphia. Frank Kameny, mtaalamu wa elimu ya anga aliyefukuzwa kazi serikalini kwa sababu ya ushoga wake, aliweka masharti ya mavazi: wanaume suti na tai, wanawake gauni au sketi, mwendo wa mstari mmoja, kimya. Alitaka waonekane watu wanaofaa kuajiriwa. Mwaka wa mwisho wanawake wawili walithubutu kushikana mikono wakiwa mstarini, naye akaenda kuwaachanisha.

Mtu wa Pwani anamwelewa Kameny bila kufafanuliwa. Sisi tumelelewa na sitara. Jambo unalijua wewe, analijua jirani, analijua na imamu, na nyote mnalifunika, maisha yanaendelea. Harusi za utotoni mwangu zilikuwa na mpambaji mmoja, mwanamume, hodari wa hina na wa kumpamba bibi harusi. Alikaa na akina mama huko ndani, akiwavunja mbavu, na hakuna aliyemuuliza analala na nani. Watu wazima wakiyakumbuka hayo husema, "Unaona? Sisi hatukuwa na ubaguzi." Mdogo wangu haafiki. Anasema sitara ile iliwasitiri majirani. Yule mpambaji alikubaliwa maadamu anachekesha, hana mwenzi anayejulikana, haumwi, na hadai chochote. Siku atakayodai, mtaona.

Na tuliona. Februari 2010 uvumi ulienea Mtwapa kuwa wanaume wawili wanaoana. Harusi yenyewe hakuna aliyeiona. Viongozi wa dini, wa msikitini na wa kanisani kwa pamoja (mara chache hukubaliana namna ile), wakapaza sauti, na tarehe 12 umati ukakivamia kituo cha KEMRI (taasisi ya utafiti wa tiba), mahali watu wanapopata ushauri na tiba ya UKIMWI, ukisaka mashoga. Watu walipigwa. Wengine polisi waliwachukua, na kwa siku ile selo ilikuwa salama kuliko barabarani. Waliokuwa kwenye umati ule walikuwa watu wetu, walaji wa pilau za harusi zilezile. Mdogo wangu alikuwa bado anasoma shule. Alisimulia habari hiyo kwetu mezani kama mtu anayesimulia matokeo ya mpira, na mimi nilikuwa nimeshaanza kumjua, nikamwangalia anavyoimega chapati bila kuila.

Kwa hiyo ninaposikia mtu akisema haya mambo ya Pride ni ya Wazungu na ya Juni, namwambia Juni ndiyo ya Wazungu, Pride si yao peke yao. Pride ya kwanza barani Afrika ilifanyika Johannesburg tarehe 13 Oktoba 1990. Walikuwa watu wapatao 800, na baadhi yao walivaa mifuko ya karatasi kichwani, imetobolewa macho tu, kwa kuogopa kufukuzwa kazini au kwao. Miongoni mwa walioiandaa ni Simon Nkoli na Beverley Ditsie. Nkoli alikuwa na historia yake. Alikamatwa mwaka 1984 katika vuguvugu la kupinga ubaguzi wa rangi, akawekwa kwenye kesi ya uhaini ya Delmas pamoja na vigogo wa harakati, na akiwa gerezani akawaambia wenzake kuwa ni shoga. Walibishana. Wapo waliotaka asishtakiwe nao pamoja, wakihofia ataitia kesi doa. Alibaki kizimbani nao, akaachiwa huru 1988. Baadaye Mosiuoa Lekota, mmoja wa washtakiwa wenzake, alieleza kuwa isingewezekana watu kama Simon, waliotia bega kuung'oa ubaguzi, waje kubaguliwa wao. Katiba ya Afrika Kusini, ile ya mpito kwanza na kisha ya 1996, ikawa ya kwanza duniani kutaja mwelekeo wa kimapenzi miongoni mwa mambo ambayo mtu hawezi kubaguliwa kwayo.

Mabishano yale ya gerezani ndiyo yanayonivutia kuliko maandamano. Hayakuwa na kamera. Watu waliochoka, waliokuwa wakikabiliwa na kifungo kirefu, walilazimika kuamua kama mwenzao ni mwenzao.

Kwetu Kenya ukizifuata tarehe utaona Juni imekaa kando. Januari 2014 mwandishi Binyavanga Wainaina alijitangaza kuwa shoga kwa maneno aliyomwelekezea mamake, marehemu tayari. Tarehe 22 Machi 2018 Mahakama ya Rufaa iliyoketi Mombasa ilisema ni kinyume cha katiba kuwalazimisha watu kupimwa sehemu ya haja kubwa ati kutafuta ushahidi wa ushoga. Kesi hiyo ilitokana na wanaume wawili waliokamatwa Kwale mwaka 2015. Tarehe 24 Mei 2019 Mahakama Kuu ya Nairobi ilikataa kuvifuta vifungu vya Sheria ya Adhabu vinavyokataza ngono ya jinsia moja, tulivyoachiwa na Waingereza, ambavyo adhabu yake inafika kifungo cha miaka 14. Hukumu hiyo ilikuwa isomwe Februari. Watu wakaambiwa majaji wana kazi nyingi, warudi Mei. Binyavanga alifariki tarehe 21 Mei, siku tatu kabla ya kusomwa.

Halafu ikaja 24 Februari 2023. Mahakama ya Juu, majaji watatu kwa wawili, iliamua kuwa shirika la NGLHRC haliwezi kunyimwa usajili kwa sababu tu linatetea mashoga na wasagaji. Eric Gitari, mmoja wa waanzilishi wake, alikuwa amelizungusha ombi hilo ofisini na mahakamani kwa takribani miaka kumi. Ni haki ya kusajili shirika, basi. Vifungu vya adhabu vilibaki vilivyo. Lakini ungedhani nchi imepinduliwa. Mimbari zikawaka, wabunge wakachachamaa, na kwenye kundi letu la WhatsApp la ukoo sauti za dakika nne nne zikaanza kupita usiku kucha.

Mamangu ana ploti Mtwapa, vyumba vya kupangisha vilivyozunguka ua wenye kisima, na daftari la kodi nalishika mimi. Machi ile msimamizi wa ploti alinipigia simu.

"Dada, kuna maneno kuhusu wale vijana wa chumba cha pembeni."

"Wamekosa kodi?"

"Kodi wameleta mapema, kama kawaida yao."

"Wanapiga kelele?"

"Hapana. Hata redio yao siisikii."

"Basi maneno gani, mzee?"

Akanyamaza. "Watu wanasema wanalala kitanda kimoja."

"Chumba kile kinaingia vitanda viwili?"

Akacheka kwa shingo upande. "Hakiingii, dada. Ukiweka cha pili mlango haufunguki."

Nilimwambia awaache. Lakini maneno hayakuishia kwake. Mzee wa mtaa alimwendea mama barazani, na hapo ndipo nilipoogopa, maana mama si mwanaharakati. Anaswali swala tano, na ukimuuliza atakwambia bila kupepesa kuwa jambo hilo ni haramu. Nimesimuliwa na msimamizi aliyekuwa pale. Mama alimsikiliza mzee wa mtaa mpaka mwisho, kisha akasema, "Mie napangisha tangu marehemu mume wangu yu hai. Sijaingia chumba cha mpangaji ila bomba likipasuka. Wewe umeingia?" Mzee akaomba maji, akanywa, akaaga.

Sitaki kumpamba mama. Jibu alilowapa wapangaji, mwanawe mwenyewe hajalipata. Mdogo wangu akija nyumbani huulizwa habari za kazi, habari za afya, na kama anakula. Mwenzake hatajwi. Kwa mpangaji mama anaweza kuwa mwadilifu kwa sababu mpangaji ni haki ya mtu baki. Mtoto ni jina lake mwenyewe mtaani. Akina mama wengi ninaowajua wako hapo, na sidhani hotuba itawatoa.

Nilichofanya mimi kilikuwa cha karatasi. Ploti ile haikuwa na mkataba. Mtu alilipa dipoziti, akapewa ufunguo. Nikaandika ukurasa mmoja wa Kiswahili. Mpangaji hupewa notisi ya mwezi mmoja, kwa maandishi, akidaiwa kodi, akiharibu mali, au akipigana. Sababu nyingine hakuna. Nikazipeleka kwa wapangaji wote, hata yule bibi wa maandazi aliyekuwa wa kwanza kulalamika, naye akaweka sahihi kwa furaha kwa sababu kwa miaka alikuwa akihofia kutolewa ili chumba apewe mtu wa kulipa zaidi. Msimamizi ndiye aliyefurahi kuliko wote. Sasa akifuatwa na maneno anaionyesha karatasi na kusema, "Soma, kama kuna mahali pameandikwa kitanda."

Uganda mwaka uleule walitaka kumfanya mwenye nyumba kuwa askari. Sheria ya kupinga ushoga aliyoitia sahihi Rais Museveni mwezi Mei 2023, ambayo kwa baadhi ya makosa inaweka hukumu ya kifo, ilimtishia adhabu anayepangisha na ikamtaka raia atoe taarifa. Tanzania, Oktoba 2018, mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam alikuwa amewaomba wananchi wamletee majina ya mashoga, serikali ikajitenga na kauli yake. Mahakama ya Katiba ya Uganda ilivifuta vipengele vya kupangisha na vya kutoa taarifa tarehe 3 Aprili 2024, sheria iliyobaki ikaiacha imesimama. Ila watu walikuwa wameshatupiwa magodoro nje. Wengi walivuka mpaka kuja kwetu, wakaishia kambi ya wakimbizi ya Kakuma, ambako nako wakimbizi wenzao wamewashambulia. Hata kabla ya sheria hiyo, Machi 2021, watu walirushiwa huko bomu la petroli wakiwa wamelala, mmoja akafa kwa majeraha ya moto. Ndiyo maana nikisikia nyumba, kodi, mlango, masikio yangu husimama kuliko nikisikia upinde wa mvua.

Foleni nayo. Mdogo wangu alikuwa akienda kwenye kituo kidogo kilichokuwa kikiendeshwa kwa fedha za msaada wa Marekani, muuguzi akimjua kwa jina, vidonge vyake vya PrEP, vya kujikinga na virusi vya UKIMWI, akivichukua na kurudi kazini kabla chai haijapoa. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada. Vituo vya namna hiyo vikafunga milango au vikapunguza huduma. Uliporuhusiwa tena mgao wa dharura wa fedha za UKIMWI, PrEP ikabaki kwa wajawazito na wanaonyonyesha. Akaelekezwa hospitali ya umma, dirisha ambalo kila mtu nyuma yako anasikia. Aliyekuwa pale ndani akamuuliza kwa sauti, "Wewe mwanamume mzima, PrEP ya nini?" Akaondoka mikono mitupu.

Siku hizi nikipata ruhusa humsindikiza. Sisemi chochote. Nakaa benchi la mbele na buibui langu, nimekunja mikono, kama dada aliyemleta mdogo wake kupimwa malaria. Hutaamini jinsi sauti ya dirishani inavyoshuka mtu mzima akiwa ameketi pale anatazama. Ni kazi isiyohitaji elimu wala ufadhili, na ningewaomba mashangazi na wajomba waijaribu.

Niseme na la ofisini kwetu, maana huko ndiko ninakoambiwa ujumuishi uko mikononi salama. Tuna kamati ya ustawi wa wafanyakazi, nami ni mjumbe. Juni iliyopita makao makuu ya ng'ambo yalitugharimia keki ya rangi sita na mhadhara wa saa moja kwa video. (Bendera ya kwanza ya upinde wa mvua, ya Gilbert Baker, San Francisco 1978, ilikuwa na rangi nane. Waridi iliondoka kwanza kwa sababu kitambaa chake kilikuwa adimu.) Mhadhara ulikuwa mzuri, na keki nililipata pande langu. Mhadhiri alipouliza kama kuna maswali, nilikuwa na mawili.

La kwanza, fomu ya mtu wa kupigiwa simu mfanyakazi akipata ajali. Yetu ilikuwa na nafasi ya mume au mke, halafu mzazi. Asiyekuwa na ndoa ya kisheria, au asiyezungumza na wazazi wake, aanguke salama. La pili, bima ya matibabu. Katiba yetu, ibara ya 45, inaitaja haki ya kuoana kwa watu wa jinsia tofauti, kwa hiyo sikuomba ofisi imtambue mwenzi wa mtu yeyote. Niliomba mfanyakazi aruhusiwe kumwandikisha mtu mzima mmoja amtakaye, amlipie ziada ikibidi. Wa kwanza kuniunga mkono alikuwa mwenzangu wa idara ya hesabu, mlokole wa kutajika, anayemuuguza mamake kwa mshahara wake. Hakuniuliza nimemkusudia nani. Alisema tu, "Mimi nataka hiyo."

Mkuu wa wafanyakazi alijibu kuwa maswali ni mazuri na atayapeleka mbele. Fomu ilibadilishwa Agosti. Palipokuwa na mume au mke sasa pameandikwa jina na uhusiano, mstari mtupu, jaza utakavyo. La bima bado. Mkataba na kampuni ya bima huhuishwa Januari na bei hupangwa Novemba, kwa hiyo nimemwandikia mwenyekiti aliweke kwenye ajenda ya Septemba, namba mbili, baada tu ya kuthibitisha kumbukumbu. Alitaka kuliweka chini ya mengineyo. Nimekataa, maana tukifika mengineyo watu huwa wameshavaa mikoba.